Ulimi wa Fundi Saa

Mimi ni mwepesi wa kuona kinyaa tangu utotoni, wala sioni haya kusema. Sinywei kikombe cha mtu, sikai kwenye kiti kilichoachwa na joto la mwingine, na nikikuta unywele kwenye sahani, siku hiyo silali na chakula tumboni. Mjomba, kaka yake mama, aliyenilea baada ya mama kufariki, ndiye aliyenibandika jina hilo hilo: Kinyaa. Aliniita hivyo mbele ya wateja, mbele ya wageni, hata siku ya kuposwa kwangu, na posa yenyewe ikafa kwa sababu nyingine.

Tulifanya kazi chumba kimoja. Yeye alikaa upande wa dirisha na meza yake ya saa, mimi upande wa ukuta na cherehani yangu. Nje, barazani, alikuwepo fundi viatu, mtu mpole ambaye kutwa nzima hubana misumari midogo kwa midomo, kwa hiyo ukimsalimia anakujibu kwa nyusi. Uzi ukimwishia alichungulia mlangoni na kunyoosha mkono, nami nilimpa.

Mjomba watu walimwita Lenzi, kwa kile kioo alichokibana jichoni toka asubuhi mpaka kufunga. Lakini jicho lake lilikuwa si kitu mbele ya sikio lake. Mgeni aliweza kuingia, na kabla hajamaliza kubisha hodi Mjomba akamwambia, "Saa yako inachelewa, ilete hapa." Hakuwa na mke tena, hakuwa na mtoto. Alikuwa na saa za watu, na alikuwa na mimi.

Alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikinitesa. Vile vijiwe vyekundu vilivyomo ndani ya saa, vidogo kuliko punje ya mchanga, hakuvishika kwa kibano. Kibano kikiteleza, jiwe linaruka na hulioni tena maishani. Yeye alichonga kijiti cha kiberiti, akalamba ncha, akagusa jiwe, likanasa, akaliweka mahali pake. Analamba, anagusa, anaweka. Kutwa.

"Mjomba, hicho kijiti kimetoka kwenye saa ya mtu," nilimwambia.

"Na kinarudi kwenye saa ya mtu."

"Kupitia mdomoni mwako."

"Mdomo ni njia tu, Kinyaa. Hakuna anayelala njiani."

Naye alinicheka kwa kuwa mimi nilikuwa fundi pekee wa nguo mtaa mzima asiyelamba uzi. Ncha ya uzi wangu niliipitisha kwenye kipande cha mshumaa, ikakaza, ikaingia kwenye tundu la sindano. Alisema nitazikwa na mshumaa wangu.

Basi wiki moja, Jumatatu, akaja mwanamke amebeba saa ya ukutani. Akasema iangaliwe, haina haraka. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na kila baada ya muda mfupi alimeza mate kwa shida, kama mtu mwenye kidonda kooni. Badala ya kuondoka akaomba kukaa kwenye benchi. Akakaa mpaka mchana. Jumanne akarudi, akakaa. Jumatano vilevile. Nikamkamata anamwangalia Mjomba mdomoni, bila kupepesa, na mimi na upumbavu wangu nikajisemea, kumbe hata Lenzi ana wa kumtamani. Nilimtania Mjomba jioni ile mpaka akanirushia kitambaa cha kufutia mafuta.

Alhamisi mwanamke alileta mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na saa ya mkononi, ya zamani, ya chuma, ile ya kuzungushwa kitufe kila asubuhi. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Kamba yake ya ngozi ilikuwa imevimba.

"Ilikuwa ya mume wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Iliingia maji."

"Mvua?" Mjomba akauliza.

"Maji."

"Ilikaa humo muda gani?"

Alifikiri. "Siku kumi na tisa."

Mjomba akapiga mluzi. Akaandika kikaratasi chake kama kawaida: saa ya nani, ina tatizo gani, mwenyewe anakaa wapi. Mwanamke akaeleza nyumba yake, ya mwisho nyuma ya kiwanda cha matofali. Alipofika mlangoni aligeuka kumtazama mara moja zaidi. "Usiharakishe," akasema. "Ifanye kama unavyozifanya zote."

Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimeshikwa na kutu. Mjomba alikizungusha kwa kisu, kikagoma, akakibana tena, kikaachia kwa mlio wa kitu kinachonyonywa. Maji yakamwagika mezani. Hayakuwa matone. Yalijaa kisahani cha skrubu, yakafurika, yakafika ukingoni mwa meza na kudondoka sakafuni, na saa yenyewe ilikuwa na upana wa kizibo cha chupa ya maziwa.

Harufu ikanifikia kwenye cherehani. Ilikuwa harufu ya tambara la vyombo lililosahaulika ndani ya ndoo, na chini yake kulikuwa na nyingine, tamu, iliyoganda nyuma ya ulimi. Nilisimama nikamkaribia, nikiwa nimeziba pua kwa kanga, kwa sababu mtu wa kinyaa hawezi kujizuia kutazama. Magurudumu yote yalikuwa yamefunikwa na mafuta meupe yaliyoganda, yale ya mchuzi uliolala. Kwenye gurudumu dogo kabisa ulikuwa umejisokota unywele mfupi, mweupe. Mjomba aliuvuta kwa kibano. Ulikuwa mrefu kuliko tulivyodhani. Ukaja na kitu chepesi, laini, alichokitandaza juu ya kidole chake akidhani ni karatasi.

Kilikuwa na mistari. Ile mistari ya ncha ya kidole cha mtu, yote kamili.

Nilitapika barazani, karibu na miguu ya fundi viatu, ambaye aliinua viatu vya watu juu na kunitazama kwa huruma. Niliporudi Mjomba alikuwa ameshaosha kila kitu kwa petroli, na uso wake unang'aa kwa furaha. "Njoo uone mashine ya watu waliojua kazi," akasema. "Vijiwe kumi na tano. Hakuna hata kimoja kilichopasuka."

"Mjomba, irudishe."

"Saa haina kosa, mpwa wangu. Maji ndiyo yenye kosa."

Akaniambia basi nimsaidie kamba tu, mshono wake umefumuka. Niliipokea kwa ncha za vidole viwili. Ilikuwa inateleza. Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikafunga mafundo mawili, nikaisukuma mwisho wa droo ya cherehani, nikamwambia sitaishona hata kwa dawa. Akacheka. Kisha akachukua kijiti chake, akalamba, akagusa jiwe la kwanza, akaliweka, akalamba tena.

Akasita, ulimi bado uko nje.

"Ina chumvi," akasema.

Akaendelea. Mara kumi na tano.

Kesho yake alisema chai ina ladha ya tope. Nikamchemshia nyingine. Ilikuwa na ladha ya tope. Mchana alikohoa mara moja, akaweka kiganja mdomoni, na kiganja kikajaa maji. Alijifuta kwenye suruali akidhani sikuona.

Siku ya tatu vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa, na havikurudi hata alipovianika juani. Kibano kilimponyoka. Akakishika kwa nguvu, na ngozi ya kidole gumba ikabaki kwenye kibano, nzima, bila damu. Tuliitazama wote wawili. Akaikung'utia kwenye pipa la taka na kuniambia nisiseme kitu.

Siku ya nne ilibidi atembee na beseni. Maji aliyotema yalikuwa ya kijivu, yenye utelezi, na hayakuwa machache. Nililimwaga beseni lile mara tano kabla ya adhuhuri, mimi, ambaye nimewahi kuacha chakula cha harusi kwa ajili ya nzi. Kila mara nililitazama kabla ya kumwaga, na kila mara chini yake kulikuwa na vinywele vyeupe vifupi. Mjomba nywele zake ni nyeusi, anazipaka rangi, na ndevu hana.

Nikampeleka zahanati, wakamlaza kitandani na daktari kijana akamwekea kipimo kifuani. Akasikiliza. Akakunja uso.

"Vua saa, mzee. Inanichanganya."

"Sijavaa saa," Mjomba akasema, akainua mikono yote miwili.

Daktari akakishusha kipimo mpaka tumboni. Akasikiliza muda mrefu. Kisha akakitoa masikioni, akakiangalia, akakipangusa, akatuandikia dawa ya minyoo.

Ile saa mezani ilikuwa imeshaunganishwa, safi, inang'aa, na ilikuwa haitembei. Mjomba alikuwa ameizungusha kitufe, akaitikisa, akaipulizia. Ilikuwa kimya. Lakini mchana wa siku ya tano alipojinyoosha kwenye benchi kupumzika, nilisikia mlio. Ta, ta, ta, ta. Nikaenda kwenye saa za ukutani, zote zimesimama. Nikainama juu ya Mjomba. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na mlio ulitokea humo.

Siku ya sita nikachukua kile kikaratasi, nikaenda nyuma ya kiwanda cha matofali.

Jua lilikuwa la utosini. Nyumba ilikuwa safi, imefagiliwa. Pembeni kulikuwa na mnara wa chuma wa kuwekea tangi la maji, na juu yake hakukuwa na tangi. Mwanamke nilimkuta jikoni, amenenepa. Kwa wiki moja tu mashavu yamejaa, midomo imepona. Mbele yake kulikuwa na jagi la maji, naye alikuwa anakunywa, glasi juu ya glasi, macho ameyafumba kwa utamu. Hakushtuka kuniona.

"Yuko siku ya ngapi?" akauliza.

"Ya sita. Mama, umemfanya nini mjomba wangu?"

Akalifunika jagi kwa kisahani. Akazungumza kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Mume wangu alipotea. Tulimtafuta kila mahali, polisi, hospitali, kwa ndugu. Maji yakaanza kuwa na ladha, tukalaumu mabomba. Mama mkwe akawa anayachemsha. Tukayanywea chai. Tukayapikia. Siku ya kumi na tisa yakaacha kutoka, fundi bomba akapanda juu kuangalia kilichoziba."

Hakusema kilichoziba, na mimi sikuhitaji kuambiwa. Jinsi alivyoingia tangini sikuuliza. Mpaka leo nashukuru sikuuliza.

"Saa ilikuwa mkononi mwake," akasema. "Inatembea."

Nimekaa na fundi saa miaka ishirini. Saa ya kuzungushwa kwa mkono haimalizi siku mbili.

"Mama mkwe alikufa siku ya tisa ya kuugua. Kitandani. Godoro lililowa mpaka sakafuni. Mimi nikadumu miezi mitano, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa yeye alikuwa mzee. Wanangu walikuwa shule ya bweni, hawakunywa. Ningekufa, wangelelewa na nani?"

"Kwa hiyo ukamletea mjomba."

"Niliambiwa na mtu anayeyajua mambo haya. Kinatoka kikipata mdomo mwingine. Lakini huwezi kumtilia mtu kwenye chakula, hakikubali. Lazima aonje mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuombwa." Akajimiminia glasi nyingine. "Nilizunguka mafundi saa wanne. Wote wanatumia kibano. Mjomba wako, Jumatatu peke yake, alilamba kijiti mara arobaini kabla ya mchana. Nikasema, huyu."

Nilitaka kumpiga. Naapa nilitaka kumpiga. Lakini ingebidi nimguse, na sikuweza kumgusa. Nilitazama tu koo lake linavyopanda na kushuka, nikaondoka.

Nilimkuta Mjomba kwenye kiti chake, beseni mapajani, kioo bado kimebanwa jichoni kwa mazoea. Hakuwa na kazi mezani. Mikono ilikuwa imefungwa matambara, nayo matambara yamelowa. Alikuwa amepungua na kuvimba kwa wakati mmoja.

"Umempata?" akanong'ona, na maji yakamtoka na neno lile.

"Amehama."

"Basi." Akatema ndani ya beseni. "Usinisogelee, Kinyaa. Najua unavyojisikia. Uliponimwagia beseni jana niliona uso wako. Asante, mama."

Hapo ndipo nilipoamua. Niliwahi kuugua surua nikiwa na miaka minane, usaha machoni, na mtu huyu aliniosha macho kwa kidole chake bila kukunja uso. Nisingeweza kumwambia, angenikatalia. Wala hakuniomba. Hakuna aliyeniomba.

Nilikaa kwenye cherehani nikampa mgongo. Nikavuta droo mpaka mwisho. Nikafungua fundo la kwanza, na la pili. Harufu ikapanda. Kamba ilikuwa imeota utando, wa kijani na mweupe, wenye vinyweleo, na ilikuwa bado ya baridi na ya majimaji baada ya siku zote hizo. Nikatafuta mshono uliofumuka, nikauchomoa uzi mmoja. Ulitoka na utelezi. Kipande cha mshumaa kilikuwa palepale karibu na mkono wangu.

Nikauweka uzi mdomoni.

Ilikuwa na chumvi. Halafu ikawa tamu. Nilibana ncha kwa midomo, nikaivuta taratibu, kama nilivyowaona mafundi wengine wote wakifanya maisha yangu yote. Uzi ulitoka wote, niliuona mkononi mwangu. Lakini kitu kingine hakikutoka. Kiliteleza nyuma ya ulimi, kikakaa kidogo kooni, kikashuka. Nikaupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Uliingia mara ya kwanza.

Nyuma yangu, kwenye kiti, ule mlio ukakatika.



Halafu ukaanza tena. Karibu zaidi.

Kesho yake Mjomba aliamka akadai chai, akalalamika kuwa haina sukari. Baada ya wiki vidole vilikuwa vimekauka na ngozi mpya imeota. Anawaambia wateja aliponywa na dawa ya minyoo, na kwamba madaktari wa siku hizi wanadharauliwa bure. Ile saa haikutembea tena. Ameitundika kwenye msumari pamoja na ile ya ukutani, anamsubiri mwenyewe, hata kama amehama, aje kuzichukua, na mimi nimenyamaza.

Siku hizi nanyamaza sana. Nazungumza kwa nyusi, kama fundi viatu. Nikifungua mdomo ule mlio unasikika zaidi, na kuna maji ya kumeza. Navaa glavu za kupakia rangi ya nywele nikishona, nilisema ni kinyaa changu, na kila mtu amekubali. Nimekuwa na tabia ya kuwatazama watu midomoni. Karani wa duka la mbele hulamba kidole akihesabu karatasi. Mama muuza mboga hung'ata mfuko kuufungua. Fundi viatu, kabla ya kushona soli, huutia uzi wote mdomoni na kuuvuta mara tatu. Nimehesabu.

Juzi, saa nne asubuhi, Mjomba alisimamisha kazi. Akainua kichwa, akatega sikio.

"Kuna saa inatembea humu," akasema.

Akasikiliza za ukutani, moja moja. Akafungua droo zake. Akatoa kioo jichoni, akaja katikati ya chumba, kichwa ameinamisha upande. Kila alipogeuka alikuwa amenikaribia zaidi.

"Inachelewa kidogo," akasema taratibu. "Kinyaa, ya nani hii? Mwambie ailete niitazame."

Nikakanyaga pedali ya cherehani. Sindano haikuwa na uzi, na chini yake hakukuwa na kitambaa. Nilikanyaga mpaka akachoka kusikiliza na kurudi kwenye kiti chake, akinung'unika kuwa masikio yamezeeka.

Wakati huohuo fundi viatu akachungulia mlangoni, misumari mdomoni, akanyoosha mkono kuomba uzi. Niliutazama ule mkono muda mrefu. Kisha nikatikisa kichwa, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa juzi. Leo asubuhi nimefungua mlango mwenyewe, ufunguo ni mmoja na nalala nao. Mfuko wa plastiki niliukuta juu ya cherehani, mafundo yote mawili yamefunguliwa. Uzi mmoja, mbichi, umeshachomolewa na kunyooshwa vizuri kwenye kizingiti, upande wa barazani, pale fundi viatu anaponyoosha mkono wake.

Mjomba anasema hajaugusa. Mimi sikumbuki.